Kasuku na Shuka za Dada

Filamu yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ingekuwa mbaya kama nyingine, Kasuku angeitafsiri harakaharaka, akaitilia vichekesho viwili vitatu, akaenda zake kula. Lakini hii ilikuwa ya Kihindi ya gharama, kila kitu kinang'aa. Majumba yamesimama juu ya maji, kuta zina rangi ya papai lililoiva, taa za mafuta zimepangwa ngazi kwa ngazi mpaka unajiuliza ni nani aliyepewa kazi ya kuziwasha zote. Hata mvua ilinyesha kwa adabu, haikumharibia mtu nywele. Mshika kamera alijua kazi yake, Mungu amjalie. Hao wengine ndio sijui walikwenda kufanya nini pale.

Steringi alikuwa kijana mtanashati mwenye sura moja tu. Akifurahi, ni hiyo. Akifiwa na baba yake, ni hiyohiyo. Msichana naye alikuwa mzuri wa kukukosesha usingizi, ila akifungua kinywa utadhani anasoma tangazo la kukatika kwa maji. Na hadithi? Kijana anampenda binti wa muuza manukato. Kijana anaondoka, haisemwi anakwenda wapi. Kijana anarudi, haisemwi alikuwa wapi, na safari hii kuna mwanamke mwingine nyuma yake, ambaye naye haisemwi ni dada, ni mke au ni mpishi. Katikati ya hayo watu wanaimba. Ukizima sauti unadhani uko peponi. Ukiiwasha unapiga miayo.

"Itie chumvi," Bosi alimwambia siku aliyomletea. Bosi ndiye aliyekuwa akizipata filamu, anamkabidhi Kasuku azisemee Kiswahili, kisha anazisambaza mitaani. "Hii macho yanashiba, masikio yanalala na njaa. Ikitoka hivihivi watu watanitukana. Fanya unavyojua."

"Ninavyojua mimi?"

"Kwani walioitengeneza walijua?"

Hiyo ndiyo ruhusa aliyopewa. Baadaye, alipokuwa akitafuta wa kumtupia lawama, aliikumbuka mara nyingi ruhusa hiyo, na kila mara aliona kwamba haimsaidii. Bosi alimwambia atie chumvi. Hakumwambia akaichote jikoni kwa dada yake.

Kasuku hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili: mfupi, kitambi cha heshima, kandambili miguuni mwaka mzima. Lakini sauti yake ilikuwa imeingia katika kila nyumba yenye televisheni. Akisimama dukani kuomba kipande cha sabuni, mtoto aliyeshika mkono wa mama yake hugeuka kumtazama kwa hofu, maana sauti hiyohiyo jana iliamuru watu wafungwe kamba watupwe mtoni. Mama naye hucheka, "Ni Kasuku huyo, mwanangu, msalimie." Mtoto hasalimii ng'o.

Kazi yake aliifanyia katika chumba kidogo nyuma ya duka la fundi simu. Kuta alizifunika kwa magodoro yaliyochoka ili kelele za nje zisiingie, na maikrofoni aliivisha soksi ili pumzi yake isivume. Feni ilibidi izimwe, kwa sababu inasikika. Basi hukaa pale na singlendi, taulo shingoni, filamu inakwenda mbele yake na yeye anaongea juu yake bila kusimama. Yeye ndiye steringi, yeye ndiye adui, yeye mama mkwe, yeye polisi, na kukiwa na ng'ombe, yeye ng'ombe. Kihindi alikiokota kwa masikio tangu utotoni. Kilichompita alikisoma kwenye maandishi ya chini ya kioo. Na ambacho hakikupatikana huku wala huku alikitoa mwenyewe kichwani. Watu wa kazi hiyo hawauiti huo uongo. Wanauita kujaza. Maana filamu ikinyamaza, mtafsiri haruhusiwi kunyamaza: watazamaji watadhani sidii imeharibika, wataipiga televisheni makofi, kisha watakuja kukupiga wewe. Kimya ni ugonjwa, ndivyo wanavyofundishana.

Kipaji hicho hakukiokota barabarani. Alikipata miguuni pa dada yake.

Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyemlea, na alimlea kwa kusuka nywele za watu mbele ya nyumba. Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kwenda kutazama filamu, kwa hiyo mdogo wake akitoka huko alikuja kukaa kwenye mkeka, karibu na miguu ya mteja, amsimulie mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo alipojifunza kupiga chuku. Mikono ya Dada ikipunguza kasi, alijua amempata. Ikiongeza kasi, alijua hadithi imepoa, basi anaongeza adui mmoja. Wateja walicheka wakasema mtoto huyu ni kasuku, na jina likaganda.

Walipokuwa watu wazima mambo yakageuka: Dada akawa msimuliaji, yeye msikilizaji. Ukimwuliza Dada habari za nyumbani, ujue umejitakia. Alimweleza mdogo wake kila kitu, jino linalouma, mteja aliyelala akakoroma katikati ya kusukwa, ndoto ya jana, na hasira za miaka mingi. Kwa wengine alikuwa mtu wa maneno machache, mtaratibu, mwenye saluni yake ya chumba kimoja. Kasuku ndiye aliyekuwa mtu wake. Hakuwa na mwingine.

Ndiyo maana ni yeye peke yake aliyejua habari ya shuka.

Ndugu wote walijua kwamba Dada aliwahi kuolewa, mume akaenda mbali kutafuta kazi, akakaa huko sana, aliporudi wakaachana. "Tulishindwana," ndivyo Dada alivyowaambia watu, na watu waliridhika, kwa kuwa kushindwana ni jambo la kawaida. Lakini adhuhuri moja saluni ikiwa tupu, wakiwa wawili tu wanachambua mafungu ya nywele za bandia, aliyasema yote. Alisema kwamba muda wote wa kumsubiri mumewe alikuwa ameweka sandukuni jozi ya shuka nyeupe, amezipamba pindo kwa uzi wa buluu kwa mkono wake, hazijalaliwa na mtu. Jioni aliposikia sauti ya mume nje, alijibanza kwanza nyuma ya mlango achane nywele. Alipofungua aliwakuta wawili. "Huyu ni mwenzio," mume alisema, kama mtu anayetambulisha fundi bomba. Akawapikia. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa na kitanda kimoja cha maana, akaenda sandukuni.

"Kuachwa si kitu," Dada alisema, macho kwenye fungu la nywele. "Watu wengi wameachwa. Kinachonila mimi ni kwamba nilizinyoosha vizuri. Nilizipitisha viganja, pembe kwa pembe, mkunjo usionekane. Shuka nilizomwekea yeye, mdogo wangu, nikawatandikia wao. Mimi nikalala jikoni."

Kasuku alimsogezea fungu jingine la nywele.

"Haya yaishie hapahapa," Dada alimwambia. "Watu wakijua, watanicheka."

"Yataishia hapa, Dada."

Na yaliishia pale kwa miaka, mpaka ilipokuja filamu nzuri isiyo na hadithi.

Siku ya kurekodi alianza vizuri, anatania, anajaza hapa na pale. Alimpa steringi kigugumizi kidogo ili angalau awe na kitu. Ikafika sehemu ile ya kijana kurudi na mwanamke asiyejulikana. Wenye filamu hawakuona haja ya kueleza chochote. Walimpandisha binti wa muuza manukato juu ya dari ya jumba, wakampa kitambaa kikubwa cheupe, upepo ukavuma, na yeye akawa anakitandaza polepole juu ya kitanda cha mbao huku maua yanadondoka kutoka kusikojulikana. Hakuna neno. Hakuna hata wimbo. Mshika kamera alikipenda kitambaa kile mpaka akajisahau. Kinapanda, kinashuka, mwanga wa jua unapita ndani yake. Msichana amekazia macho mbele, sura yake haina kitu kabisa, imekaa wazi kama chumba cha kupangisha.

Kasuku alikuwa ameandaa utani wa siku ya kufua. Alifungua kinywa autoe. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, ya chini, ya kike, inasema: "Shuka nilizomwekea yeye, nikawatandikia wao."

Angeweza kukohoa hapo, akaanza upya. Hakukohoa. Kitambaa kilikuwa bado kinapanda na kushuka, na kimya ni ugonjwa. Akaendelea. Akatoa sanduku, akatoa uzi wa buluu, akatoa viganja vinavyopita pembe kwa pembe, akarudi nyuma mpaka kwenye mlango na kitana. Machozi yakamtoka, sauti ikamkatika mahali pazuri pa kukatikia, na yule msichana wa sura ya tangazo la maji akageuka, jamani, akawa mwigizaji. Kila alipopepesa jicho ilionekana anazuia kulia. Filamu nzima ikapata hadithi kwa mara ya kwanza, na hadithi hiyo ilikuwa ya mtu.

Alipomaliza akairudisha, akaisikiliza. Hapa ndipo penye kosa lenyewe, na tusimtetee. Kwamba maneno yalimponyoka, hilo la binadamu. Lakini alikaa pale na taulo lake shingoni, kidole karibu na kitufe cha kufutia, akafikiri. Nani atajua? alijiambia. Dada mwenyewe hatazami filamu za Kihindi, anasema zinamchosha. Jina halikutajwa, mji haukutajwa. Na chini ya hoja hizo kulikuwa na nyingine ambayo hakuisema hata kwa nafsi yake, nayo ndiyo iliyokuwa na nguvu: tangu aanze kazi hii hakuwahi kufanya kitu kizuri namna ile. Kukifuta aliona uchungu. Akakiacha.

Filamu ikatoka, na mtaa ukashikwa. Wanawake waliililia sokoni, kwenye foleni za maji, kazini. Waliosema filamu za Kihindi ni upuuzi walikwenda kuiazima. Ikawa hata mtu akimpa jirani kitu alichojiwekea mwenyewe, kipande cha mwisho cha keki, kiti cha kivulini, anasema, "Haya, nimewatandikia," na wote wanacheka. Bosi alikuja mwenyewe na chupa ya soda baridi, akamshika Kasuku bega.

"Wewe ni hatari," alimwambia. "Umeyatoa wapi yale?"

"Kichwani."

Soda hakuimaliza.

Kutoka hapo alianza kumkwepa dada yake. Akipigiwa simu, ana kazi. Akialikwa kula, tumbo linamsumbua. Njia ya saluni aliihama, akawa anazungukia nyuma ya karakana ya magari, anaruka madimbwi ya oili kama mtu anayefukuzwa. Kila alipolisikia lile neno "nimewatandikia" alihisi joto la aibu likimpanda masikioni, na alilisikia kutwa. Alijua alichofanya. Alikuwa ameichukua siku mbaya kuliko zote za mtu aliyemlea, akaianika hadharani, na watu wameipigia makofi. Mwishowe akapiga moyo konde: atakwenda kusema mwenyewe, kabla Dada hajaisikia kwa wengine. Mkosaji akichelewa huwa na matumaini ya ajabu.

Alikuta mlango wa saluni uko wazi na televisheni inawaka. Rangi ya papai aliiona tangu barabarani.

Ndani palikuwa na mwalimu wa chekechea, ameketi kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama ameona jini. Kwenye benchi alikuwa muuza mkaa, jirani wa Dada, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia. Dada alikuwa nyuma ya mwalimu, mgongo kwenye televisheni, anasuka.

"Huyooo!" muuza mkaa alipiga kelele. "Tulikuwa tunakutaja sasa hivi. Kaka Kasuku, umetuua mwenzetu! Mimi hii naitazama mara ya tatu, na kitambaa cha machozi nimekuja nacho."

"Karibu, mdogo wangu," Dada alisema bila kugeuka. "Sogeza hizo nywele, ukae."

Akakaa. Kwenye kioo steringi alikuwa anashuka kwenye farasi. Kasuku alijua kinachofuata kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake.

"Kwa nini msiweke nyingine?" alijaribu. "Kuna ya mapigano, nimeileta, kali sana."

"Thubutu!" Muuza mkaa akachukua rimoti, akaiweka kifuani ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mwanamume wa heshima anayeweza kuifuata.

Upepo ukavuma, kitambaa kikapanda. Na sauti yake ikajaa kile chumba: shuka, sanduku, uzi wa buluu. Kasuku aliitazama mikono ya dada yake. Haikupunguza kasi wala haikuongeza. Ilichukua fungu, ikaligawa mara tatu, ikasuka mpaka mwisho, ikachukua fungu jingine, wakati mdogo wake yuko kwenye televisheni analia kwa niaba yake. Mwalimu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya taulo. Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na benchi.

Kisha muuza mkaa akapenga kamasi, akasema, "Mimi namlilia, lakini mjinga huyu."

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Mwanamke gani mwenye akili zake anamtandikia mke mwenzie? Tena kwa shuka mpya! Ningekuwa mimi ningewatandikia upupu."

"Upupu!" Mwalimu akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. "Wajikune mpaka asubuhi!"

"Na kule kuchana nywele nyuma ya mlango, mama wee. Anazichana za nini? Kajipamba kwenda kupokea fedheha!" Muuza mkaa akainuka, akaigiza: akajibanza nyuma ya mlango wa saluni, akajichana kwa kitana cha hewa, akajilegeza, akafungua mlango kwa madaha. Aliigiza vizuri kuliko yule msichana wa Kihindi. Mwalimu alicheka mpaka Dada ikabidi aache kusuka, amshike kichwa.

"Tulia, nitakuvuta," Dada alisema.

"Wewe unaonaje, Dada? Si mjinga?"

Dada alimtuliza kichwa, akatafuta mstari wa nywele kwa ncha ya kitana, akaupata.

"Mjinga," akasema. "Mjinga kweli." Na akacheka.

Kasuku alikijua kicheko cha dada yake tangu anatambaa. Hiki hakikuwa hicho. Hiki kilikuwa kifupi, kimetolewa ili kuwe na kitu kimetolewa, na kilimchoma kuliko kama angezabwa kofi mbele ya watu wote.

"Hebu tuambie basi," mwalimu akamgeukia, "hayo maneno umeyatoa wapi? Ndivyo Wahindi wenyewe walivyosema?"

Hapo mikono ikasimama. Ilisimama palepale juu ya kichwa cha mwalimu, vidole vimeshika nywele, na Dada akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hakumtisha wala hakumsihi. Alisubiri tu.

"Ndivyo walivyosema," Kasuku akajibu. "Mimi natafsiri tu."

Mikono ikaendelea na kazi.

Alibaki mpaka mwalimu akamaliziwa, ncha za nywele zikachovywa kwenye maji ya moto, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akaondoka na muuza mkaa wakiwa bado wanachekea upupu. Dada akashika ufagio, akaanza kukusanya nywele sakafuni.

"Dada."

"Naam."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini tena? Si umesema ni Wahindi."

"Dada, nakuomba. Nitaifuta. Nitaisemea upya yote, nakuapia."

"Usijisumbue, watu wameipenda." Alizisukumia nywele kwenye kona, akainama akaziokota kwa kipande cha boksi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Kasuku. Hasira angeweza kuijibu. "Umesema vizuri sana. Mimi mwenyewe siku ile sikukusimulia vizuri hivyo. Ila sikulia, mdogo wangu. Siku ile nilijikaza, nikawatandikia kwa macho makavu, na hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho mle ndani. Kwenye filamu yako nimelia."

Kasuku alishika uso kwa mikono miwili. Dada akapita kando yake kwenda kumwaga takataka, aliporudi akamwuliza kama atakunywa chai.

Kesho yake alijifungia chumbani kwake, akaisemea upya ile sehemu. Safari hii kitambaa kilipanda na kushuka na hakusema kitu. Alikaa akitweta kwenye soksi ya maikrofoni mpaka upepo ukaisha. Alimpelekea Bosi, Bosi akamwuliza kama ana homa. Akatoa nakala zake mwenyewe, akazigawa bure kwa wenye vibanda vya kuonyeshea filamu na vya kuzikodisha. Wakazirudisha. "Hii mbovu," walisema, "inakata sauti penyewe pale pazuri." Ile ya kwanza ilikuwa imeshafika miji ambayo Kasuku hajawahi kuiona. Alihangaika hivyo kwa muda, kisha akachoka, na kuchoka huko nako kukawa sehemu ya hatia yake.

Dada hakumnunia. Watu wangewaona wangesema ndugu hao wanapendana. Aliendelea kumkaribisha, kumpakulia, kumkumbusha kukata nywele. Kasuku alijifariji kwamba yamepita. Kama kuna kitu kimepungua hakukitafuta sana. Mtu mwenye kosa hatii mkono gizani.

Mvua zilipoanza, alikutana na muuza mkaa chini ya kibaraza cha duka la dawa, wote wawili wanajikinga.

"Poleni na msiba," mama yule akamwambia, kwa sauti ndogo asiyoizoea.

"Msiba?"

"Wa yule shemeji yako wa zamani. Ingawa waliachana, mtu ni mtu." Alimtazama vizuri. "Lo, siku ile alipokuja alinitia huruma! Kakonda, kila kitu kinampwaya. Kakaa pale mlangoni kwa dada yako kutwa nzima, anaomba aingizwe ndani apumzike. Dada yako kamtolea kiti, kamtolea maji, karudi kusuka. Wateja tumo humo ndani. Jioni akafunga mlango, mtu yuko nje bado. Asubuhi hayupo. Na majuzi ndiyo tumesikia amefariki. Dada yako alipoambiwa aliinamisha kichwa tu, akaomba apewe sindano ya kushonea nywele." Uso wake ukabadilika. "Kwani hakukuambia?"

Maji ya mvua yalikuwa yanapita na kandambili za watu.

"Aliniambia," Kasuku akasema.

Hakungoja mvua ikatike. Alikwenda moja kwa moja saluni, bila kuzungukia karakana. Dada alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, televisheni imezimwa. Alipomwona akainuka kumtafutia taulo.

"Umelowa chapachapa! Mtu mzima hovyo. Jifute kichwa."

Alijifuta. Akaketi kwenye benchi karibu naye, karibu kama zamani, na akamtazama usoni. Macho yalikuwa yamevimba. Mtu amekufa aliyewahi kuwekewa shuka zile. Amefungiwa mlango, kisha amekufa. Na mwanamke huyu amekaa nayo hayo peke yake, kwa kuwa sikio moja alilokuwa nalo duniani limegeuka kuwa mdomo. Kasuku aliliona hilo lote kwa mara moja. Alitaka kusema najua. Lakini kujua kwa kuambiwa na muuza mkaa si kuambiwa. Akampa nafasi. Aliomba kimoyomoyo aichukue.

"Habari za siku nyingi, Dada?" akauliza. "Kuna jipya lolote?"

Dada alikunja taulo, akaliweka juu ya goti, akalipitisha kiganja.

"Hakuna jipya," akasema. "Bati la huku nyuma ndilo linavuja."

Kasuku alisubiri. Mvua ilipiga paa.

"Linavuja upande gani?" akauliza, akainuka kwenda kulitazama.